Taa za Ng'ambo Zilipojibu

Mama mkwe wangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, usiinuke kwa ajili ya barua, najua goti lako linavyokusumbua. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeiweka kabatini iwe pambo? Sisi hatujambo. Mjukuu wako anarefuka, sketi zake zote nimeshazishusha pindo, na cherehani yangu inalalamika lakini inashona.

Nina habari ya taa. Unajua tangu mwanao alipotutoka, nyumba hii ilikuwa giza kila sikukuu. Mwaka huu mjukuu wako aligoma. Alisema baba yake angeona haya. Akaniletea kitu alichokipata mtandaoni: mpangilio wa taa zinazocheza kwa kufuata wimbo, ambao bwana mmoja wa mbali huko ameuweka ili yeyote autumie. Tulipoufungua kwenye kompyuta nilicheka hadi nikashika mbavu. Mtu ana jumba, Mama! Madirisha kumi na mawili, miti miwili uani, na tao la kuingilia. Sisi tuna madirisha mawili, mlango na bomba la mvua.

Lakini mimi ni fundi nguo. Gauni la mtu mnene halitupwi, hupunguzwa. Tukakaa mezani jioni baada ya jioni. Madirisha yake ya upande mmoja tukayakusanya kwenye yetu mawili, mengine tukayaacha, miti yake ikawa bomba la mvua, na tao likawa kamba ya kuanikia nguo. Penye mbwembwe nyingi tulikata, maana taa zetu chache zilikuwa zinapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni.

Kumbe kazi bado. Wimbo wenyewe ni wa kuitikiana: upande mmoja wa jumba unaita, mwingine unajibu. Sisi tuna upande mmoja tu. Kila ilipofika zamu ya jibu, nyumba ilizima kabisa. Jirani mmoja alitugongea na mshumaa mkononi, akitupa pole ya kukatika umeme!

Mjukuu wako akasema tuombe nyumba ya ng'ambo. Hapo ng'ambo pana duka la mwoka mikate, mwanamume aliyefiwa na mkewe miaka mingi, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza, alinijibu kuwa saa hizo yeye hulala, kwa kuwa huamka kabla ya jogoo ili awashe tanuri. Nikaomba radhi, nikageuka. Nimefika mlangoni, nikamsikia.

“Fundi, huo wimbo ni mrefu?”

Nikamwambia ni mfupi.

“Basi nitalala ukiisha.”

Akatoa ngazi yake, tukatundika taa mbele ya duka lake. Mwanzoni taa zake zilichelewa. Sisi tumeshaita na kuendelea, ndipo yeye anajibu, kama mzee aliyeamshwa kutoka usingizini. Ikabidi tuyasogeze majibu yake mbele kidogo hadi yakakaa.

Kuna jambo nataka ulijue. Ule uzi wa taa za rangi wa mwanao, wa juu ya mlango, sikuutia kwenye mpangilio. Niliuacha uwake tu, hauzimi wala hauchezi. Mwoka mikate aliniuliza kama nimeusahau. Nikamwambia ni wa nani. Akasema, “Huo usiguswe.” Akapanda ngazi, akaukaza ulipokuwa umelegea.

Siku yenyewe barabara ilijaa watu. Nyumba yetu ikaita, na ya ng'ambo ilipojibu, watoto walipiga yowe hadi wimbo haukusikika. Tukaurudia mara sijui ngapi. Mwoka mikate hakulala, na kesho yake mikate iliungua.

Sasa Mama, nimepiga chenga vya kutosha. Taa tumeshazishusha, ila yule mwoka mikate hajaacha kuvuka barabara. Kwanza alituletea mikate iliyobaki. Baadaye haikuwa imebaki, ilikuwa imeokwa kwa ajili yetu. Juzi ameniomba tuoane, nami nimekubali.

Sikutaka ulisikie hilo kwa mtu mwingine. Mwanao nilimpenda, na mapenzi yale hayajahama. Nimeshangaa tu kuona bado kuna nafasi. Nimemwambia bwana huyu kuwa nina mama, aliyelala nami kitanda kimoja wakati wa msiba na kunilisha kwa mkono wake, na kwamba anayenioa mimi anaoa na mama huyo. Akasema yeye hakubahatika kumjua mama yake, na kwamba haogopi moto wa tanuri kama anavyokuogopa wewe.

Sitaki kufunga ndoa wewe hujakaa mbele. Jumamosi nitakuja kukuchukua mwenyewe. Ukikasirika, nakuomba usininyamazie. Nigombeze hata siku nzima, mradi nikusikie sauti.

Mjukuu wako anakubusu mikono yote miwili. Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Goti lifunike.

Ni mimi mwanao, ninayehamia ng'ambo ya barabara tu, si mbali nawe.

Fundi wako wa nguo