Kidole Ambacho Sikukiweka

Kaka yangu,

Tu-tu-tu, halafu kimya kifupi kama mtu anayemeza mate, halafu tu-tu-tu tena. Huo ndio mlio ninaoamka nao kwa siku kumi na moja sasa, na umeniharibia hata adabu ya kukusalimu kwanza. Basi shikamoo. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekuacha, na kwamba chumba kipya hakivuji kama cha kwanza. Sisi huku miili ni mizima. Mama goti lake limepata nafuu. Ananiambia nikuulize kama unakula chakula au unadanganya tumbo kwa chai. Baba nitamfikia.

Nakuandikia haraka kwa sababu habari hizi zitakufikia kwa midomo mingine, na nataka uzipate kwangu kwanza. Baba amemfukuza Spana. Ndiyo, Spana huyo huyo aliyenifundisha kushika koleo kabla sijajua kushika kalamu, aliyefanya kazi na Baba miaka kumi na tisa. Amefukuzwa kwa kosa ambalo si lake, na mimi najua ni la nani.

Ilianza na gari la zahanati, lile jeupe la zamani linalobeba wajawazito. Unalikumbuka, mlango wake wa nyuma haufungi mpaka uupige goti. Dereva wake, yule mrefu anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, alilileta Jumatatu akasema halina ubaya mkubwa, ila likisimama huku injini inawaka linatetemeka kidogo, kama mtu mwenye homa anayejikaza mbele ya wageni. Likitembea, tetemeko linakwisha. Spana alilibadilishia plagi zote nne, akasafisha kichujio cha hewa, kisha akamwita Baba aje asikilize.

Unaijua desturi ya gereji yetu. Gari halitoki mpaka Baba aweke ncha ya ile bisibisi ndefu kwenye injini, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, afumbe macho, kisha agonge boneti mara mbili. Akishagonga, hakuna anayegusa tena wala anayebisha. Wateja wanaipenda shughuli hiyo kuliko matengenezo yenyewe, na Spana huwaambia kwamba mzee anasikia hata mende akikohoa ndani ya gia boksi.

Siku hiyo nilisimama mahali pangu pa kila siku, ng'ambo ya boneti. Nikausikia mlio ule, tu-tu-tu. Plagi mpya hazikuuondoa. Ulikuwa umefifia kiasi kwamba hata dereva, aliyelizoea gari lake, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Baba alifumbua macho, akanitazama kidogo, akagonga mara mbili. Gari likaenda.

Alhamisi asubuhi, kwenye mteremko unaoingia njia panda ya soko, dereva alikanyaga breki. Injini ikazima, na breki ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe. Nyuma alikuwa na mkunga na mama mwenye uchungu. Mbele watoto wa shule walikuwa wanavuka. Alivuta breki ya mkono, akaulaza ubavu wa gari kwenye ukuta wa stoo ya mbao, likakwaruza mpaka likasimama. Mtoto amezaliwa salama, kaka, pale pale kando ya ukuta, na mama yake ni mzima. Mkunga ameteguka bega. Nimeyaandika haya mbiombio kwa sababu nikiyaandika polepole mkono unakataa.

Gari lilipovutwa mpaka kwetu, Baba hakulifungua hata boneti. Alimwambia Spana, mbele ya dereva na mafundi wote, kwamba ameacha plagi imelegea, kwamba hizo ndizo kazi za mtu anayewaza chakula cha mchana tangu asubuhi. Spana kwanza alidhani ni utani, akacheka. Kisha akasema, mzee, si wewe mwenyewe uliyegonga? Hapo Baba akamwambia avue ovaroli. Spana aliivua pale pale, akaikunja taratibu, akabaki na fulana yenye tundu begani. Halafu akanigeukia mimi. Akaniuliza, Profesa, wewe ulikuwepo, ulisikia kitu siku ile? Nikatazama viatu vyangu. Nikasema sikusikia.

Wenzangu walipokwenda kula, nilifungua boneti peke yangu. Plagi zilikuwa zimekazwa sawasawa. Nilizijaribu moja moja. Nilipowasha injini, ule mlio ulikuwa pale pale ukinisubiri. Nikajikumbusha tulichofundishwa chuoni: tetemeko linaloonekana gari likisimama na kupotea likitembea, mara nyingi ni hewa inayojipenyeza pasipo njia yake. Nikaifuata mipira yote hadi ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki, ule unaoifanya breki iwe nyepesi mguuni. Upande wa chini, pasipoonekana, ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Nikauziba kwa kidole. Injini ikatulia kabisa. Nikakiondoa, ikaanza kujikwaa. Nikauziba tena, nikakiondoa tena, sijui mara ngapi, huku machozi yananitoka na mafuta yamenijaa hadi kwenye viwiko.

Nikafunga mpira mpya. Ule wa zamani nikauviringisha kwenye kitambaa na kuuficha mkobani mwangu. Alasiri Baba akakaza plagi ambazo hazikuwa zimelegea, akaweka bisibisi, akafumba macho, akagonga mara mbili. Kwa hiyo mpaka leo mchana aliamini kweli kwamba ni Spana, na mimi ndiye niliyemsaidia kuamini.

Sasa nifike kwake. Baba hasikii, kaka. Si kwamba ni kiziwi. Maneno anayapata, hasa akiuona mdomo wako. Ni milio midogo ndiyo iliyomtoka, mwaka na zaidi sasa. Niligundua siku moja nilipoweka kidole kwenye madigadi ya teksi, nikiupima mtikisiko tu. Baba alikuwa ameshainua mkono agonge. Akakiona kidole, akaushusha mkono, akainama tena na kutafuta mpaka akaipata kasoro. Tangu hapo, kukiwa na kasoro naweka kidole. Kusipokuwa na kitu mikono yangu inakaa mfukoni. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo hata kwa neno moja. Mama hajui. Spana hakujua.

Jumatatu ile, saa moja kabla ya gari la zahanati, nilikuwa nimemwonyesha Baba barua ya chuo inayonikubalia kuendelea na uhandisi wa injini. Aliisoma kwa sauti mbele ya mafundi. Akasema binti yake, Profesa, anataka kusafiri kwenda kufundishwa kusikiliza injini, na masikio yenyewe haya hapa anayaacha nyumbani. Wote walicheka, na mimi nikacheka. Aliponitazama ng'ambo ya boneti, mikono yangu ilikuwa mfukoni. Niliikunja ngumi humo ndani. Nilitaka agonge na akosee, mara moja tu, gari lirudi kesho yake aaibike kidogo. Sikuwaza breki. Nilidhani ni injini inayokwama kwama tu. Nimejitetea hivyo siku zote hizi, na utetezi umeishiwa pumzi.

Usiniandikie kwamba nisubiri urudi, maana nimeshafanya. Leo asubuhi nilikwenda zahanati na ule mpira mkononi, nikamweleza daktari, dereva na mkunga. Nilitaja hasira yangu na nilitaja masikio ya Baba, kwa kuwa bila hayo ningekuwa naongeza uongo mwingine. Mkunga hakunisamehe, wala hakunifukuza. Aliukunja mpira kwa mkono wake mzima mpaka ufa ukafunguka, akautazama, akanirudishia. Kutoka hapo nikaenda kwa Spana kumpelekea ovaroli yake, nimeifua. Alinisikiliza bila kunikatiza, akasema kumbe masikio ya mzee yanavaa sketi. Hakucheka. Aliichukua ovaroli lakini hakusema kama atarudi.

Baba nilimwambia mwisho, mchana, injini zote zikiwa zimezimwa, uso kwa uso, polepole, asipitwe na neno. Aliifuta bisibisi ndefu kwa kitambaa, akaitundika kwenye msumari wake, akavaa viatu vyake vya kutokea. Nilimwona dirishani akishika njia ya kwenda kwa Spana. Hajarudi bado.

Mama anakusalimu, naye nitamwambia yote haya nikishafunga bahasha hii. Jitunze kifua. Nami nitakuwa hapa gereji hadi warudi, mmoja au wote wawili, mikono yangu ikiwa nje ya mfuko.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa