Matanga ya Mzee Yabesi

Durban, Point, tarehe 21 Februari 1999

Kwa mdogo wangu Désiré, Lubumbashi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mama Colette na watoto wote, mpaka yule wa mwisho ambaye hata sura yake sijaiona. Mnaamkaje huko? Goti lako je, lile ulilovunja kwenye mpira ukasema ulikuwa unafunga goli, na sisi wote tuliona ulianguka peke yako? Miye niko mzima. Mgongo unauma, jicho la kushoto linatoa machozi kukiwa na upepo wa bahari, na hapa upepo hauna konje, haupumziki hata Jumapili. Lakini meno iko yote, toa tatu. Wewe uliyesoma mpaka ukavaa miwani, usinicheke mwandiko. Miye shule niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, unajua.

Nakuandikia kwa sababu Pascal, yule dereva wa lori, anapakia Clairwood kesho na atapita kwako. Atakupa hii barua mkononi. Halafu atakuuliza kama Gracieuse, mtoto wetu, anapanda naye kuja kukaa kwangu kama tulivyopanga Noeli. Usimjibu kabla hujafika mwisho. Nakujua: wewe barua unasoma kichwa na mkia, tumbo unaruka. Leo usiruke.

Nimesikia Urbain amefika kwenu na anasimulia ile matanga yetu kila mahali wanapouza pombe. Désiré, ile hadithi kila mtu anaiharibu, lakini Urbain ndiye bingwa. Anasema tulikuwa watu sitini. Tulikuwa ishirini na watatu, na wawili walikuwa na malaria. Anasema mitende tuliiba kwenye bustani ya mji. Tuliokota, upepo ulikuwa umeangusha. Anasema miye nilikimbia. Miye, na huu mgongo? Na anasema ile habari kwamba yule mzungu tuliyemlilia hakuzaa, nilitunga miye. Mtu aliyekuwa anapiga ngoma huku macho yote iko kwenye sufuria ya mchele, anajua nini? Sikiliza kwangu, miye nilikuwa mbele.

Nyumba tunayokaa hapa Point ina ngazi ya mbao, na juu ya ngazi iko picha kubwa ya mzungu mwenye ndevu kama ufagio. Jina lake Jabez Orme. Sisi tunamwita Mzee Yabesi, kwa sababu ni yule yule Yabesi wa Biblia aliyemwomba Mungu amwongezee mipaka, na Mungu akamwongezea. Huyu wetu naye aliongezewa. Habari zake nilipewa na Baba Ngidi, mzee Mzulu ambaye amefagia ile nyumba miaka thelathini na funguo zote zilikuwa kiunoni mwake. Miye mchana nachunga magari ya watu pale nje, yeye akimaliza ngazi anakaa na miye kwenye kivuli. Kizulu changu kibovu, Kiswahili chake hakuna, Kiingereza chetu tunachanga. Tunaelewana kuliko wewe na mke wako.

Basi huyu Yabesi alikuwa mtoto wa mtu wa kutengeneza mishumaa huko Uingereza. Akiwa kijana akasikia Durban hakuna mishumaa. Akajaza meli makasha thelathini akaja. Alifika mwezi wa kwanza. Wewe hujui mwezi wa kwanza wa hapa, jua linakaa juu ya kichwa chako kama deni. Alipofungua kasha la kwanza akakuta mshumaa mmoja tu, mkubwa kama kasha, na tambi zimelala ndani kama tambi za supu. La pili vile vile. Yote thelathini. Watu wa bandari wakamcheka mpaka wakakaa chini. Yeye akaazima jembe, akakata ile nta vipande, akawauzia wenye mikokoteni ya ng'ombe wapake magurudumu. Ndiyo duka lake la kwanza. Baadaye akauza kamba, akauza nguo, akauza sukari, mpaka wale waliocheka wakawa wanamvulia kofia.

Halafu wakamchagua depite, mtu wa bunge. Hapo nampenda zaidi, kwa sababu mtu akishiba mara nyingi anasahau. Wenzake matajiri walileta sheria: mgeni akishuka melini bila mtu wa kumpokea, arudishwe melini. Yabesi akasimama. Baba Ngidi anasema aliongea toka asubuhi mpaka mkubwa wa kikao, yule wa kiti cha mbele, akalala, akaamka, akamkuta bado anaongea. Alisema kama ile sheria ingekuwepo zamani, yeye na nta yake wangerudi Uingereza. Walimshinda kura. Wenye sukari wakakataa kumuuzia, uchaguzi uliofuata akaanguka. Sasa wewe ungelia. Yeye akajenga nyumba: hii, ya wageni wasio na wa kuwapokea. Kitanda, supu, na Jumamosi kila mgeni anafagia ngazi. Hata yeye mwenyewe akija Jumamosi anafagia, na ndevu zile, sijui zilikuwa zinasaidia. Alikufa mwaka 1901. Na hakuzaa. Hiyo pia nilipewa na Baba Ngidi, Urbain afunge mdomo.

Sasa tatizo. Nyumba inashikwa na komite ya wazungu saba. Mwezi wa kumi na mbili wakabandika karatasi mlangoni, Lyse akatusomea. Lyse ni yule Mrundi anayesuka nywele, Kiingereza chake safi. Karatasi ilisema Point inajengwa upya, nyumba itauzwa, mwisho wa Februari kila mtu atoke. Nikaenda kwa mkubwa wao, Mista Collier, mwanaume wa suruali fupi na soksi ndefu. Akaniambia nirudi Jumanne. Jumanne akaniambia niandike. Nikaandikiwa, akaniambia ni lazima ipite kwa mwanasheria. Kwa mwanasheria wakaniambia nimwone Mista Collier. Nimezunguka kama kuku amefungwa kamba mguuni, siku ishirini, na kila siku nikirudi watu wananiuliza, muzee Anaclet, imekuwaje, wewe si ulisema unamjua? Kweli nilisema. Nilisema ananiita kwa jina. Anachunga gari lake nani, kama si miye?

Nikakaa nikafikiri. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, ile komite inakuja kumkumbuka Yabesi: wanaweka maua chini ya picha, wanakunywa chai, wanakwenda. Dakika arobaini. Baada ya chai ndiyo walikuwa wapige kura ya mwisho ya kuuza. Nikasema, hiyo ni matanga gani ya dakika arobaini? Kwetu, nyumba ambayo matanga haijaondolewa, nani anathubutu kuiuza? Na wale waliolala chini wakamlilia marehemu, nani anaweza kuwaita wapangaji? Hao ni famille.

Nikapeleka hiyo habari kwa mama Joséphine, anayeongoza kwaya. Bila yeye hakuna mwanamke anakaa kwenye mkeka. Akakataa kabisa. Akasema matanga si teatre, marehemu iko na watu wake, na matanga ya mtu mwenye watoto haianzishwi na wageni; kwanza unakwenda kwa mtoto, unampa pole, yeye ndiye anakukalisha. Nikamwambia huyu hakuacha hata mmoja, muulize Baba Ngidi. Hakumuuliza, Kizulu hana. Macho yakamlowa. Akasema mtu wa mema yote hayo, miaka tisini na nane, na hakuna aliyemkalia hata usiku mmoja? Akaenda kutafuta kitenge.

Désiré, ungeona. Mitende kwenye geti, kama wanavyoweka Uvira kukiwa na matanga. Picha tuliishusha, tukaiweka kwenye meza na kitambaa cheupe na mshumaa mmoja. Wamama chini, vitenge kifuani, viatu nje. Kwaya ikaanza asubuhi. Taksi zilizokuwa zinapita zikazima muziki, dereva mmoja akashuka robot, ile taa ya barabarani, ikiwa ya kijani, akavua kofia, akauliza nani. Nikamwambia baba yetu. Akasema eish, akatoa pole.

Komite wakafika na vikombe vyao. Mista Collier akauliza nani amekufa. Nikamwonyesha picha. Akasema huyu amekufa miaka tisini na nane. Nikamwambia ndiyo maana tunaomba radhi kwa kuchelewa. Watu wakacheka kidogo ndani ya kilio, na miye, usiulize, nilijisikia depite.

Nyuma yao kulikuwa na bibi mmoja wa fimbo, wanamwita Missis Winifred, umri wake kama themanini na nne. Sikuwahi kumwona kabla. Mama Joséphine hakuuliza huyu nani. Alimshika mkono, akamvua viatu, akamkalisha kwenye mkeka katikati ya wamama. Bibi akaangalia ile picha, akaanza kulia. Si machozi ya adabu. Alilia na mabega. Wazungu wengine wakasimama na vikombe hawajui waweke wapi. Mista Collier akawa mwekundu, akasema labda kura ingoje. Ningenyamaza hapo, leo tungekuwa tunakula.

Lakini wewe unanijua. Mdomo wangu ukiona watu unaomba kiti. Nikasimama, nikamwambia Lyse ageuze kwa Kiingereza, nikasema: huyu muzee alifungulia wageni mlango, na Mungu hakumpa mtoto wa kumlilia, basi sisi ndio watoto wake, hakuna wengine. Nilisema vizuri sana, hata Urbain aliacha ngoma.

Bibi akaacha kulia. Akamwambia Lyse arudie. Lyse akarudia. Bibi akatafuta fimbo, akasimama peke yake, hakutaka mkono wa mtu. Akasema Jabez Orme alizaa watoto tisa. Akasema yeye ni binti wa yule wa tisa, kwa hiyo ni mjukuu, na alipokuwa mtoto baba yake alikuwa anamleta hapa Jumamosi kufagia ngazi. Akauliza ni nani ametufundisha kwamba yeye hayupo.

Watu wote wakaniangalia. Nikasema nimeambiwa na Baba Ngidi.

Alikuwa mlangoni, na ufagio. Lyse akamgeuzia. Alinitazama, Désiré, hata si kwa hasira, kama mtu anayeangalia gari linalorudi nyuma na anajua litagonga. Akaegemeza ufagio ukutani akatoka. Bibi akavaa viatu, akatoka naye mlango ule ule, bila kupiga kura. Kumbe, Lyse aliambiwa na dereva wake, alikuja siku ile kwa sababu moja: kukataa nyumba kuuzwa. Walikuwa watatu kwa watatu, yeye ndiye wa saba. Alipotoka, Mista Collier akahesabu kura yake mara mbili kwa sababu yeye ndiye wa kiti cha mbele, kuuza kukashinda. Wametuongezea mwezi mmoja tu: tuna mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, bila wiki moja zaidi. Baba Ngidi wamemnyang'anya funguo. Wamesema anasambaza maneno juu ya familia. Miaka thelathini.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka toka juu ya karatasi. Baba Ngidi hakuniambia. Mishumaa aliniambia, kura aliniambia, ufagio aliniambia, hata ndevu. Habari ya watoto hakuwahi kuisema na miye sikuwahi kumuuliza. Niliitunga pale pale mbele ya mama Joséphine, kwa sababu alikuwa anakataa na miye nilitaka matanga yangu. Ulikuwa uongo mdogo, wa kuingiza watu ndani tu, kama unavyosukuma mlango na goti. Kinachonikaba ni hiki: ukweli ungetutosha. Kama ningeuliza, tungekwenda kwanza kwa yule bibi na kumpa pole kama desturi inavyotaka, na angetukalisha yeye. Hata bila kuuliza, Mungu alimleta mwenyewe, mjukuu wa marehemu alikuwa kwenye mkeka wetu, miguu peku, analia na sisi. Na miye nikasimama mbele yake nikamwambia hajazaliwa.

Mama Joséphine hanisalimii. Ananiwekea chakula, anageuka. Juzi nilipanda mpaka Glenwood kwa yule bibi nimwambie ni miye. Nilifika kwenye geti, mbwa akabweka, mbwa mwenyewe kama panya, nikarudi. Miye niliyekuambia nimepigana na simba. Kesho Pascal akiondoka nakwenda kwanza Umlazi kwa Baba Ngidi, kwake hakuna mbwa. Nitamwomba anipeleke Glenwood. Kama atakataa, atakuwa na haki.

Basi mwambie Pascal: Gracieuse asipande. Amwache kwako mpaka nijue nalala wapi. Mwambie mtoto baba yake mkubwa hakumkataa, anatafuta mlango wa kumfungulia. Usimwambie alikuwa nao akaufunga kwa mdomo.

Nisalimie mama Colette, majirani, na mchungaji kama bado anasinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Niombeeni. Na Urbain mwambie, pale pa watoto alisema kweli. Lakini mitende tuliokota.

Ni miye kaka yako,
Anaclet