Begi Moja la Mtani

Tabora, 11 Agosti 2024

Kwa mume wangu Fadhili,

Nakusalimu kabla hujanuna. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisemesha nikiamka. Kifua chako kimepona? Shangazi yako Latifa anasema kwenye video unaonekana umenenepa. Nimemjibu kwamba mke mwenzangu anayekulisha hivyo ajitokeze nimshukuru.

Barua hii ataipiga picha yeye akutumie, kama kawaida. Nawe nijibu kwa kalamu. Meseji zako zina haraka ya mtu anayekimbia mvua.

Nimeangalia klipu yako unayoigiza Baba Begi. Nilicheka mpaka Latifa akaja kunitazama. Halafu nikaona ile nyonga inavyoburuzwa, nikaitambua. Huyo ni Lukasi. “Nilikuja na begi moja, nitaondoka na Mtwara nzima” ni maneno yake mwenyewe. Aliyasema barazani kwetu Ziwani kila alipomfunga babu yako bao, na babu yako alimjibu, “Nenda basi, begi tutakubebea.” Alikuja kijana kutoka Songea kupakia mizigo bandarini, akawa mtani wetu, na sisi wake. Siku ya kumzika babu yako alijilaza kwenye jeneza kabla maiti haijatolewa ndani, akagoma kutoka. Alisema amechoka, marehemu aende kwa miguu. Nilimtukana kutoka dirishani, natukana na kulia, mpaka akatoka. Bila yeye sijui siku ile ningeimaliza vipi. Nimeshamwomba alilalie na langu mtakaponirudisha nyumbani.

Umemwambia kuhusu klipu? Mkalishe mbele ya simu naye akutukane, watu waone. Utani ni wa kurudishiana.

Mkeo,
Bibi Asia


Mtwara, 1 Septemba 2024

Mke wangu mpenzi usiye na meno,

Shikamoo, ingawa sijui mume gani anamwamkia mkewe. Kifua kimepona. Mikorosho ya babu imetoa maua mazuri, nilipita juzi. Kalamu inanitoa jasho kama jembe.

Mzee Lukasi nilimwonyesha mwenyewe. Alicheka, akasema, “Kinyago wewe, umekosea nyonga. Mimi mbovu ni ya kushoto.” Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mwenye nyonga ameridhika.

Kumleta nitamleta. Ila kwa sasa Baba Begi anapendwa kwa sababu hajibu. Anafika na begi, anachukua kazi bandarini, anachukua korosho, anachukua gesi, watu wanamwambia “Fungasha!” naye anafungasha. Akianza kujibu, utamu unakwisha. Na kuna duka la simu linataka kunidhamini, Bibi. Kabla ya msimu wa korosho nitamkalisha, Inshallah. Nakuahidi.

Mumeo,
Fadhili


Tabora, 13 Oktoba 2024

Kwa mume wangu,

Sisi huku salama, joto tu. Natumaini unakula vizuri. Huo ndio utani wangu wote wa leo.

Latifa amenionyesha jinsi ya kufungua komenti. Za juu ni vicheko. Ukishuka chini, hakuna anayecheka. Mmoja kaandika kwamba watu wa kuja ndio waliotumalizia ajira. Mwingine anauliza Baba Begi wa kweli anakaa wapi. Mwalimu mmoja msichana, naye wa kuja, jina lake Tumaini, kaandika kwa adabu kwamba wanafunzi wake sasa wanamwambia “Fungasha” darasani. Wamemjibu kwa maneno ambayo sitayaandika.

Nimempigia Lukasi. Ameniambia geti lake limeandikwa neno hilo kwa mkaa. “Mwandiko mbaya,” akasema, “wangekuja kwako mwalimu uwafundishe kwanza.” Alitania, lakini hakukaa sana kwenye simu. Lukasi ninayemjua huwa hakati simu mpaka salio liishe.

Unakumbuka nilikotoka. Nilikuwa msichana mdogo tulipoondoka kwetu mdomoni mwa Ruvuma kwa sababu ya mabomu ya vita vya ng'ambo ya mto. Tulikofikia, watoto walitutungia wimbo. Ulikuwa mtamu, nami niliucheza pamoja nao kabla sijaelewa kwamba unanisema mimi. Kwa hiyo naomba neno moja: kabla ya kurusha klipu nyingine, kaa na Lukasi barazani kwake, uwaambie watu huyu ni mtani wenu, na yeye akutukane mpaka achoke. Msimu wa korosho umeshaanza.

Nangoja.

Mkeo,
Bibi Asia


Mtwara, 24 Novemba 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Najua Latifa ameshakwambia, ila ni haki yako uisikie kwangu. Nyumba ya Mzee Lukasi imechomwa, pamoja na ghala lenye korosho zake. Yeye hakuumia, alikuwa kanisani. Vijana wamekamatwa. Walipokuwa wanachoma, walirekodi, na kwenye video wanapiga kelele lile neno.

Sijalala vizuri. Lakini Bibi, sikuwasha kiberiti mimi. Wanaoniangalia ni maelfu kwa maelfu, wamecheka wakaenda kulala. Hawa wachache walikuwa na hasira zao tangu zamani, za kukosa kazi, na hasira hizo sikuzileta mimi. Wangesikia mahubiri mabaya wangechoma, wangesikia mpira wangechoma. Wewe mwenyewe ulitusimulia wazazi walivyokuja shuleni kwako kutaka kitabu kichomwe kwa sababu kinaharibu watoto, ukasimama mlangoni mwa maktaba ukawaambia kitabu hakimshiki mtu mkono. Ulitufundisha hivyo. Leo mimi nimekuwa nani, niwajibike kwa mikono ya watu?

Polisi wameniuliza maswali wakaniachia. Duka la simu limenyamaza.

Nitukane kidogo, nijue bado ni wewe.

Mumeo,
Fadhili


Tabora, 8 Desemba 2024

Fadhili,

Nimepata barua yako. Mimi mzima.

Kuhusu kitabu, nilisema hivyo, na leo ningesema tena. Aliyekiandika hakuwajua wasomaji wake na wala hawakumwuliza kitu. Wewe unaamka asubuhi unasoma wanachokisema. Unajua wanapocheka na wanapoacha kucheka. Kweli hasira hukuileta wewe. Uliiona, ukaona inakuletea watu, ukawa unailisha kidogo kidogo kila wiki.

Hata hapo ningeweza kubishana nawe mwaka mzima na bado ukawa mume wangu. Lakini Lukasi alinipigia Jumanne akanisomea kitu. Yule aliyeuliza Baba Begi anakaa wapi alijibiwa. “Ziwani, geti la bluu, msiseme mimi nimewaambia.” Na kikatuni kinachocheka. Jina lililojibu ni lako. Baada ya moto ulilifuta jibu hilo, ila mtoto wa jirani yake alikuwa ameshapiga picha. Lukasi hakukasirika. Aliniuliza tu, “Asia, sikiliza vizuri na wewe. Huyu si ndiye aliyekuwa anakaa mapajani kwangu tukicheza bao?”

Najua utasema ulikuwa unatania. Mtani huja mwenyewe mlangoni, anatukana kwa mdomo wake, anakaa kusubiri la kwake. Hatumi wengine na kuwaomba wasimtaje.

Lukasi ameondoka jana kwa basi la Songea. Aliniambia kwamba alipokuwa anapanda, kondakta alimuuliza mizigo mingine iko wapi. Alikuwa na begi moja.

Kwa hiyo sitarudishwa Ziwani. Nimemweleza Latifa, nitazikwa hapa Tabora, kwa kuwa huko hayupo tena wa kunizuilia jeneza. Hilo ndilo ulilonichukulia, na nilitaka ulijue kwa maneno yaliyo wazi.

Umeniomba nikutukane. Sikutukani. Nakuombea afya njema.

Asia binti Rashidi


Mtwara, 2 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Mvua zimenyesha vizuri huku. Hii ni barua ya nne tangu Desemba na sijui kama Latifa anakusomea.

Nilikwenda Songea. Mzee Lukasi anakaa kwa dada yake. Alinipokea vizuri mno, Bibi, akanipa kiti, akaniita “bwana Fadhili”, akaniuliza habari za safari. Niliburuza nyonga uani pale mbele yake, ya kushoto, ili aniambie nimekosea. Alitazama pembeni. Nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani, akanishukuru kwa kumtembelea.

Nimerekodi kila kitu kuhusu lile jibu na geti, nimekirusha kwa sura yangu, bila Baba Begi. Kwenye komenti wananiambia nifungashe.

Sikuombi urudi Ziwani. Jeneza lako nitalilalia mimi huko huko Tabora kama utanikubali. Usiniandikie barua. Mwambie Latifa anitumie neno moja tu, la matusi, lolote lile.

Mumeo,
Fadhili