Kiti cha Bi Rukiya

Afaf, usicheke. Ile nyumba yangu ya Majengo niliyokutangazia wiki nzima, kumbe nimenunua kuta na mabati!

Leo nimempeleka fundi apime pa kuongeza ghorofa. Nje amekaa kitini bibi mmoja jirani, Bi Rukiya. Nikamwambia kwa madaha, "Mama, ondoa kiti kwenye kiwanja changu."

Akaniangalia. "Mwanangu, wewe umenunua nyumba. Kiwanja ni changu."

Kiwanja ni changu! Fundi akajifanya anatafuta futi.

Nikachomoa mkataba nimkomeshe. Ukurasa wa pili: "nyumba bila ardhi." Mimi, mzaliwa wa Mombasa, ambako kila siku nyumba huuzwa peke yake na ardhi ikabaki ya mwenyewe! Nilisoma jina langu tu, nikatia sahihi.

Nikamuuliza, sasa nisimame wapi?

Akanisogezea kile kiti.