Vidonge vya Daktari na Vidonge vya Dada

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunaendelea.

Mama ametoka wodini leo asubuhi. Ameshagombana na kila mtu kuhusu chumvi, ndipo nikaamini amepona.

Uliponitumia lile kopo la vidonge vya tezi ya mnyama iliyokaushwa, nililipeleka kwa daktari, nikaliweka mezani kando ya vidonge alivyoniandikia yeye. Alinieleza kwamba vyote hurudisha mwilini kile ambacho tezi yangu ya shingo imeshindwa kutengeneza. Ila vyake vina homoni moja, na kipimo chake hakiyumbi. Vyako vina mbili, na ile ya pili ina kasi, inaweza kuukimbiza moyo. Nikachagua vyake. Baada ya miezi miwili nikaacha kusinzia juu ya cherehani.

Jumanne nilikuwa nakata sare za shule, nikasikia kishindo jikoni. Mama alikuwa sakafuni, bomba linatiririka, jasho linamtoka, moyo unadunda mpaka unauona juu ya gauni. Hospitalini walipomuuliza anatumia dawa gani, alifungua mkoba akatoa kopo lako. Vilibaki vidonge vitatu! 

Nikamuuliza nani amempa. Akanishangaa: "Si ulimwambia dada yako kwenye simu vimekurudishia ujana? Na mimi nimechoka, mwanangu."

Jana ulipiga simu unataka kumshtaki daktari kwa kumpa Mama dawa kali. Tafadhali, usimguse. Hajawahi kumpa hata kidonge kimoja. Na mimi sijawahi kumeza hata kimoja cha vyako. Nilijua ulivyohangaika kuvitafuta, nikaona haya kukukatalia, basi nikavisifia na kuvificha kabatini nyuma ya mashuka. Mama alinisikia, akaniamini, akavitoa kabatini bila kuniambia. Uongo wangu ndio uliomwangusha.

Vipimo vimeonyesha tezi yake ni nzima kabisa. Uchovu wake ni upungufu wa damu, na ameshaanza matibabu. Bado hajui kwamba nilidanganya. Nimeanza na wewe kwa sababu karatasi hainitazami usoni. Nikishafunga bahasha hii, naingia chumbani kwake.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Fundi