Karatasi za Dezső Varsányi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ile Jumapili ya Machi ulipojilaza mchana hapa Hollywood usiamke tena. Kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia. Hatukukatazana, kila mtu hukizunguka tu. Mama bado anapika supu yenye pilipili ya paprika, ya kutosha watu wanne ingawa tumebaki watatu, kisha anaigombeza sufuria.

Ulikuwa mnakili wa muziki wa filamu. Mtunzi aliandika muziki wa okestra nzima, nawe ukamtolea kila mpigaji karatasi yake, kwa wino, bila doa. Sheria yako ilikuwa moja: karatasi igeuzwe pale mpigaji anapopumzika. "Mtu hana mkono wa tatu," ulisema.

Binti yako Ilka aliacha shule darasa la nne kwa ugonjwa wa mapafu, akawa anaona haya hata kuitikia hodi. Ulimkalisha mezani ukampa kalamu. "Noti za muziki haziulizi umefika darasa la ngapi, mwanangu."

Wengi wanaujua muziki wa Bwana Lorenz Adelmann uliopata tuzo ya sanamu ya dhahabu. Sisi tunaikumbuka asubuhi muziki huo ulipokaribia kutupwa. Wimbo wa mjane wa kwenye filamu ulikuwa na dakika nne za fidla bila pumziko hata moja. Mara tatu taa nyekundu ya kurekodi iliwaka, mara tatu karatasi zikachakacha katikati, vinasa sauti vikadaka kila kitu. Meneja wa studio akatazama saa.

"Adelmann, saa sita wapigaji wanaondoka. Ukishindwa, naweka muziki wa zamani kutoka stoo."

Ilikuwa filamu kubwa ya kwanza ya Bwana Lorenz. Wewe ukainuka na kichupa chako cha wino.

"Nipeni dakika ishirini."

"Mzee, hapa si darasa la mwandiko!" akafoka meneja.

"Ndiyo maana sikuomba saa nzima."

Uliona mahali pamoja tu ambapo ngoma kubwa zinanguruma. Hapo karatasi hata ikichanwa haisikiki. Ilibidi ukurasa wa kwanza ubebe noti zaidi, ili kugeuza kuangukie pale pale. Ukakata, ukabandika vipande, ukaandika. Stendi za kuwekea karatasi za fidla zilikuwa nane. Nne ukamwachia Ilka, uliyekuja naye.

"Baba, nikikosea?"

"Watapiga kosa lako, nami nitasema ni langu. Andika."

Zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita, taa ikawaka. Hakuna aliyekohoa. Ngoma zikanguruma, kurasa zikageuka, na fidla zikaenda safi mpaka mwisho. Taa ilipozimika, wapiga fidla wote wakagonga stendi kwa pinde zao, kama wanavyomsalimu mgeni mkubwa. Wewe ukageuka nyuma kuangalia ni nani ameingia.

"Ni wewe, zuzu wee!" akapaza sauti mzee Kasimir wa fidla ya kwanza, huku akicheka.

Ukamshika Ilka mabega, ukamsogeza mbele yako. "Basi nusu ni za huyu," ukasema. Wakagonga tena. Hakujua auficheje uso wake, lakini hakukimbia.

Unakumbukwa na mkeo Margit, anayekuombea kila asubuhi. Mdogo wako Bertalan. Binti yako Ilka, ambaye sasa ananakili kwa jina lake mwenyewe. Na wapiga fidla wako wote.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba.