Maharagi ya Komunio

Vuhovi, 4 Mei 2024

Mutoto yangu Kavugho,
Salamu nyingi. Unalala muzuri, unakula? Siye huku tuko bazima, hata magoti ya baba yako imetulia. Lakini jambo moja inanisumbua. Tangu umalize masomo, kanisani bananiuliza: "Virginie, binti yako ni munganga gani mwenye kusomea sumu?" Nabajibu unatunza bagonjwa ba urgence, bale ba kuletwa mbio, kule Butembo. Banacheka. Usingechagua macho, ao meno?
Mama yako

Butembo, Kimemi, 9 Mei

Mama mupenzi,
Niko muzima, na kula nakula. Mama, mugonjwa wa macho anaweza kungoja. Mwenye amekunywa dawa ya shamba hawezi kungoja. Juma iliyopita baliniletea mwanamuke, dawa ya kabichi ilikuwa ndani ya chupa ya sucré, akafikiri ni soda, akainywa. Mate ilikuwa inamutoka kama povu. Kesho yake alikuwa anagombana na bwana yake juu ya viatu! Njo kazi yangu ile, na naipenda.
Binti yako, Kavugho

Vuhovi, 19 Mei

Kavugho,
Leo sina nafasi ya salamu. Mwenye kukupa hii barua amekuletea Kitsa, bibi yake na mutoto yao kwa pikipiki. Balikula kwa jirani yetu Godelive, karamu ya komunio ya mujukuu wake. Kisha kidogo: jasho, matapishi, mate. Batu bamezunguka nyumba ya Godelive, banasema amebapa sumu. Hata mimi nilipita bila kumusalimia. Uniambie kweli.
Mama

Butembo, 20 Mei

Mama,
Unisalimie baba. Bote batatu bako bazima. Mutoto alinitia woga: weusi wa macho yake ulikuwa mudogo kama ncha ya sindano, mapafu imejaa maji. Nilimupiga sindano kisha sindano mupaka kifua ikakauka. Sasa anaomba biskuti.
Ndiyo, ni sumu. Ni ile poudre, unga wa kufukuza wadudu kwa maharagi ya mbegu. Bibi ya Kitsa amenieleza: bageni balizidi, chakula ikaisha, Godelive akakuja kuomba maharagi kwako, na bao batatu tu balikula ile ya mwisho. Mama, ulichota kwa gunia gani? Kama ni ya mbegu, usiipike tena, na batu bajue, juu Godelive hana wa kumusemea. Sikukasirikii.
Kavugho

Butembo, 28 Mei

Mama,
Uko muzima? Mwenye pikipiki anasema alikupa barua mukononi. Kitsa na jamaa yake bamerudi nyumbani. Na wewe uniandikie, hata mustari moja.
Kavugho

Vuhovi, 3 Juni

Mutoto yangu,
Tuko bazima, unisamehe. Nilifungua gunia, nikanusa ile poudre. Kwa haraka ya ile karamu, nilichota kwa mbegu. Nikanyamaza juma mbili, na Godelive anakosa hata mutu wa kumuuzia chumvi.
Jana kisha misa niliomba padiri nafasi. Nikasema: "Maharagi ilikuwa yangu. Poudre niliitia mimi. Binti yangu, docteur wa sumu, njo alijua." Kitsa akasimama: "Virginie, unajua ilibaki kidogo unizike?" Kisha akacheka, bote bakacheka. Mimi nililia.
Nikatoka pale, nikaenda kwa Godelive. Alinitazama sana mulangoni.
"Unataka nini?"
"Niko na njaa."
Akanipikia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Batu bakasimama njiani kutuangalia. Nilikula mupaka sahani ikabaki nyeupe. Bibi ya Kitsa naye akaingia, akanawa mikono.
Mama yako